Ziara ya jioni ya taco na bia Mexico City: maswali ninayoulizwa na kila mgeni anayetua

Nimekaa Mexico City miaka kadhaa sasa, na kila ndugu, rafiki au rafiki wa rafiki anayepita huku huishia kwenye simu yangu. Wengi hutokea Houston na Dallas, wanakuja wikiendi ndefu. Wachache hutoka moja kwa moja Dar au Nairobi. Wote, wakishauliza kama ugali unapatikana, huuliza kuhusu ile ziara ya usiku: unamlipa mtembezaji, mnazunguka vibanda vitano sita kwa miguu, mnakula taco, yaani chapati ndogo za mahindi (tortilla) zilizokunjwa na nyama ndani, kidogo kidogo, na kuonja bia. Niliwahi kwenda kama mgeni, siku hizi nawasindikiza watu mwenyewe. Nimechoka kuandika majibu yaleyale WhatsApp, kwa hiyo haya hapa.

Kwanza, inaandikwaje?

Kwa c. Taco. Najua Kiswahili hupenda kuyavisha maneno ya wageni nguo zetu, na kwa kawaida tungeweka k bila kufikiri mara mbili. Sasa litamke neno hilo kwa wingi, polepole. Shangazi yangu wa Tanga nilimtumia ujumbe wiki ya kwanza kwamba jana usiku nimekula manne, nikaliandika Kiswahili kabisa, na hakunijibu siku mbili. Taco moja, taco nne. Tuliache hivyo.

Siwezi kwenda peke yangu? Hela ya ziara inanunua nini?

Unaweza kabisa. Kibandani taco moja huwa kati ya peso 20 na 40, kutegemea nyama na mtaa, na hakuna wa kukuzuia. Ziara itakugharimu mara nyingi ya hapo. Ukidhani unalipia nyama, utajiona umepigwa.

Unacholipia ni saa. Hapa kila taco ina saa yake. Barbacoa, nyama ya kondoo iliyofukiwa shimoni usiku kucha ikiwa imefunikwa majani ya maguey, mmea wa jamii ya mkonge, ni ya asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Ikifika alasiri utakuta sufuria zinaoshwa. Carnitas, nguruwe anayepikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe, ni ya mchana. Taco za kikapuni, zinazobebwa nyuma ya baiskeli zikiwa zimefunikwa hadi zinatoa jasho, ni za watu wanaowahi kazini. Jua likizama hao wote wanapotea, na mji unakabidhiwa wachoma pastor, wapika suadero na wauza vichwa vya ng'ombe.

Na hao wa usiku nao kila mtu ana fani yake. Anayechoma pastor ya kusifika, suadero yake pengine ni ya kawaida tu. Jirani yake wa hatua mia mbili mbele ni kinyume chake. Mgeni akiwa peke yake hukaa kwenye kibanda cha kwanza chenye taa nyingi, anakula taco sita za kila aina, anashiba, anarudi hotelini akisema taco ni taco. Mtembezaji anayejua kazi humpeleka kwa kila fundi kwa fani yake, na kikubwa zaidi, humzuia asishibe mapema.

Tutakula nini hasa?

Kila ziara ina njia yake, ila ya jioni bila al pastor mimi siihesabu. Ni mnara wa nyama uliochomekwa kwenye chuma mbele ya moto, unazunguka polepole, una rangi ya tofali kwa sababu ya mbegu za achiote na pilipili kavu iitwayo guajillo. Wenyewe huuita trompo, yaani pia, ile pia ya kuchezea watoto, na ukiutazama, mpana juu na mwembamba chini, utaona jina limekaa.

Ukijisemea "mbona hii ni shawarma", umepatia. Wahamiaji kutoka Lebanoni, waliofika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ndio walioleta mtindo wa kuchoma nyama ikiwa imesimama. Mji wa Puebla mpaka leo una taco árabe, taco ya Kiarabu. Wameksiko wakaweka nguruwe mahali pa kondoo, tortilla ya mahindi mahali pa mkate, na nanasi juu kabisa.

Usisimame mbele ya mkataji, simama ubavuni kwake. Kisu kirefu kinashuka, vipande vyembamba vinaangukia tortilla iliyo kwenye kiganja cha kushoto, halafu ncha ya kisu inagusa nanasi kule juu na kipande kinaruka, kinatua katikati ya nyama. Hafanyi hivyo kwa ajili ya kamera yako. Anafanya hivyo hata saa saba usiku, mbele yake kukiwa na mlevi mmoja na mbwa. Fundi hakati nyama ambayo haijaungua kidogo pembeni, anangoja. Ukiona nyama inakatwa kisha inarudishwa kukaangwa kwenye bamba, mara nyingi ni dalili kwamba foleni imezidi moto.

Suadero ndiyo kipenzi changu. Ni nyama nyembamba ya ng'ombe inayotoka kati ya tumbo na mguu. Inachemka kwa saa nyingi ndani ya mafuta kwenye karai pana lenye kilima katikati: nyama inaogelea pembeni, tortilla zinapashwa kileleni zikinyonya mafuta. Inatolewa, inakatwakatwa juu ya gogo kwa mapigo ya haraka, tak-tak-tak, na unaisikia kabla hujaiona. Ukisema "campechano" watakuchanganyia na longaniza, soseji ya nguruwe yenye pilipili.

Kisha kichwa: shavu, ulimi, ubongo, jicho. Hapa watu wetu huwa mashujaa. Aliyekulia kwenye supu ya kongoro na utumbo ataogopa nini? Niliwahi kuona watalii wawili wa Ulaya wakigeuza nyuso huku dada mmoja wa Mwanza akiagiza jicho la pili.

Nimesikia kuna kibanda cha taco chenye nyota ya Michelin. Tutapita?

Ni El Califa de León, mtaa wa San Rafael. Kimekuwapo tangu 1968 na kilipata nyota hiyo ya Michelin, ule mwongozo wa migahawa, Mei 2024. Ni kachumba kadogo, watu wanakula wamesimama, na taco iliyowapa sifa ni gaonera: pande jembamba la nyama ya ng'ombe, chumvi, ndimu, basi. Imeitwa hivyo kwa heshima ya Rodolfo Gaona, mpigana na mafahali. Ziara nyingi hazipiti, kwa sababu foleni ya huko ingemeza jioni nzima. Nenda mwenyewe mchana wa siku ya kazi. Ni nzuri, ila bei yake si ya kibandani, na mimi nikipewa nafasi moja tu ningekula suadero.

Mitaa gani?

Ziara za jioni nyingi huwa Centro, Roma au Narvarte. Mimi huwapeleka watu Narvarte, kwanza kwa sababu wenyeji wanakwenda kula huko, pili kwa sababu ya kituo cha metro. Kwenye njia ya 3 unashuka kituo kinachoitwa Etiopía, na alama yake ni kichwa cha simba. Meksiko ilikuwa kati ya nchi chache zilizokataa kutambua hatua ya Italia ya kuimeza Ethiopia miaka ya 1930, na Haile Selassie alikuja kuutembelea mji huu 1954. Kila Mwafrika ninayemshusha pale hupiga picha na yule simba. Kutoka hapo unatembea hadi El Vilsito, ambayo mchana ni gereji ya kutengeneza magari na usiku ni taco. Mafundi wakiondoka, wachoma nyama wanaingia.

Mimi Mwislamu. Ziara hii inanifaa?

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kuumia roho.

Ziara yangu ya kwanza tulikuwa sita, na mmoja wetu alikuwa jamaa wa Mombasa, mtu wa swala tano. Mtembezaji alitusimamisha mbele ya trompo, akatoa hadithi nzima ya Walebanoni na shawarma, kwa ufundi kweli. Jamaa akafarijika, shawarma anaijua tangu utotoni. Alikuwa ameshauma mara mbili nilipomuuliza mtembezaji kwa Kihispania ni nyama gani. "Cerdo," akanijibu, kama mtu anayeulizwa maji yana rangi gani. Nguruwe. Jamaa hakufoka. Aliweka sahani chini, akasukutua mdomo, akakaa kimya usiku mzima. Fomu ya kuweka nafasi ilikuwa na sehemu ya kuandika usichokula, naye aliijaza. Hakuna aliyeisoma.

Kwa hiyo usitegemee fomu. Mwambie mtembezaji mdomoni, kabla ya kibanda cha kwanza, na ujifunze sentensi hii: "No como cerdo ni manteca." Sili nguruwe wala mafuta yake. Neno manteca ni muhimu kuliko cerdo, maana nyama unaweza kuiona lakini mafuta huyaoni. Suadero ni ya ng'ombe, ndiyo, ila kwa kawaida hupikwa kwenye mafuta ya nguruwe, karai moja na longaniza. Maharage ya kusaga mara nyingi hutiwa manteca. Tortilla za ngano nazo pia. Na bamba la kuchomea ni moja kwa nyama zote.

Kinachobaki salama zaidi ni taco za samaki na kamba za mtindo wa Baja California, zinazokaangwa mahali pao (uliza mafuta gani), na zile za mboga: uyoga, maua ya maboga, nopal ambayo ni jani la mpungate, na huitlacoche, ule ukungu mweusi unaoota kwenye mhindi. Kwetu mkulima angeutupa. Huku una bei. Nyama ya kibandani iliyochinjwa kihalali usiitarajie. Kama hilo ni sharti kwako, omba ziara ya samaki na mboga, au usitoe hela yako.

Sili nyama kabisa. Je?

Soma mstari wa juu kuhusu mboga na manteca. Ongeza hili: ukiagiza quesadilla Mexico City, sema "con queso". Jina limetokana na jibini, lakini wenyeji wa mji huu hawaoni kwamba ni lazima jibini liwemo. Watu wa mikoa mingine wanawacheka, na wao hawajali.

Tortilla si chapati tu?

Ukila ile ya dukani, ya pakiti, unaweza kusema hivyo. Ya kweli ina mchakato. Mahindi makavu yanachemshwa na chokaa, yanalala majini usiku kucha, yanaoshwa maganda yatoke, kisha yanasagwa yakiwa na maji yake yawe donge. Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal, na njia yenyewe ni ya kale mno. Chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane, na ndiyo inayofungua niasini iliyojifungia ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, chokaa haikupanda meli. Maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walioishi kwa mahindi karibu matupu walipata pellagra, ugonjwa wa ngozi na akili unaotokana na kukosa hiyo vitamini. Kwetu pia yalifika hivyohivyo, kwa mkono wa Wareno, bila maelekezo. Bahati yetu ni kitoweo.

Taco ya mtaani hupewa tortilla mbili zilizobebana. Si ukarimu wa bure: ya juu ikilowa na kupasuka, ya chini inaokoa shati.

Bia gani? Si zote ni Corona?

Corona utaikuta, na hapa kuna habari ya kuchekesha. Kampuni ya Modelo, wenye Corona, ilifungua kiwanda chake mji huu mwaka 1925. Mwaka 2013 ikachukuliwa yote na AB InBev, kampuni kubwa ya bia. Mwaka 2016 AB InBev hao hao wakainunua SABMiller, na humo ndani wakaikuta TBL yetu, kampuni ya bia ya Tanzania. Kwa hiyo Corona, Safari na Kilimanjaro ni watoto wa baba mmoja. Nilimweleza hivyo mgeni mmoja wa Arusha, akaiweka chupa mezani, akauliza, "Sasa mimi nimesafiri kwenda wapi?"

Amesafiri kuja kunywa bia nyekundu, nikamwambia. Mwaka 1841 Anton Dreher, karibu na Vienna, alianza kupika lager ya rangi ya kaharabu, yenye ladha ya mkate uliobanikwa. Kwao Austria ilififia. Meksiko ikaendelea kuinywa. Watembezaji wengi humpa sifa Maximilian, yule ndugu wa mfalme wa Austria aliyeletwa kuwa mfalme wa Meksiko na kupigwa risasi Querétaro mwaka 1867. Hadithi tamu. Lakini viwanda vikubwa vilikuja baada yake: Cuauhtémoc kule Monterrey, kwa mfano, ni ya 1890. Mimi naona sifa ziende kwa wapishi wa bia wa Kijerumani na Kiswisi, na kwa reli. Onja Victoria au Negra Modelo, uone kama unaupata ule mkate.

Kisha kuna bia za viwanda vidogo, kutoka Guadalajara, Colima, Tijuana, Ensenada na hapa mjini penyewe. Kwenye ziara hizi ndizo zinazoonjwa zaidi, kwa vigilasi vidogo, vinne au vitano. Zingine zimetiwa kakao, zingine pilipili. Za pilipili nyingi ni mzaha. Za kakao zipe nafasi.

Ushauri wangu wa kuoanisha ni mfupi. Pastor na bia nyepesi ya baridi kali. Suadero na ile nyekundu, maana mafuta yanataka kitu chenye uzito. Bia chungu sana, zile za IPA, ziweke mbali na salsa kali: uchungu na gesi vinachochea moto wa pilipili badala ya kuuzima.

Msamiati: bia ni chela. Chupa kubwa ya karibu lita moja, ya kugawana, inaitwa caguama, na caguama ni kasa, yule wa baharini. Ukimsikia mtu akisema anakwenda kununua kasa wawili dukani, hakuna mnyama anayeumia. Michelada ni bia yenye ndimu na chumvi kwenye ukingo wa gilasi. Kwingine huongezwa michuzi ya pilipili na sosi nyeusi. Majina hubadilika kutoka baa hadi baa, uliza kabla hujaletewa bia iliyogeuka supu.

Tutakunywa palepale kibandani?

Mara nyingi hapana. Kunywa pombe barabarani ni kosa, na vibanda vingi vya mtaani huuza soda na juisi tu. Ndiyo maana ziara ina mwendo wa kula, kutembea, kukaa, kunywa, kisha kutoka tena. Usimbane mtembezaji akununulie chupa dukani uishike mkononi. Faini itakuwa yako.

Zipo pia siku za ley seca, ambapo baadhi ya wilaya za mji husimamisha uuzaji wa pombe, hasa karibu na uchaguzi na sikukuu. Ukija wakati huo, uliza kabla ya kulipa.

Na pulque ni nini?

Mwenzake ni tembo la mnazi, au ulanzi kama wewe ni wa Iringa. Utomvu wa mmea wa maguey unafyonzwa kwa kibuyu kirefu, unachachuka wenyewe, unanywewa mbichi, mweupe na wenye utelezi. Kama tembo letu, haungoji mtu: wa asubuhi una utamu, wa jioni umekaza. Wenye kusita huchanganyiwa na matunda, ukaitwa curado. Watu wa Pwani huuelewa kwa funda la kwanza. Watu wa bara huuangalia kwanza.

Sinywi pombe. Nitakuwa naangalia wenzangu tu?

Hapana, na wala usilipe bei ya wanywaji; watembezaji wengi wana bei mbili, ila hawaitaji mpaka uulize. Wewe utapewa agua fresca. Ya jamaica ni rozela, nyekundu na chachu. Ya tamarindo ni juisi ya ukwaju, ileile, na utashangaa jinsi ukwaju unavyoelewana na pastor. Ya horchata ni ya mchele na mdalasini.

Pilipili zao ni kali kiasi gani?

Ya kijani huwa kali kuliko nyekundu, ila usiiamini kanuni hiyo, na usimwamini muuzaji akisema "no pica", haiwashi. Kwake kweli haiwashi. Dondosha tone moja kwenye tortilla tupu, uonje, ndipo uamue. Ikikushinda, maji hayasaidii, kwa kuwa kinachowasha hakiyeyuki majini. Tafuna tortilla na chumvi, au tafuta maziwa. "Con todo" maana yake weka kitunguu na giligilani. Pilipili utajiwekea mwenyewe.

Tumbo langu litavumilia?

Wengi hupona, wachache hutembelewa na kile wanachokiita kisasi cha Moctezuma, yaani kuhara. Nenda penye foleni, nyama ihame kutoka motoni hadi mkononi mwako, usinywe maji ya bomba. Sahani utakayopewa ni ya plastiki iliyovikwa mfuko wa nailoni. Ukimaliza, mfuko unavuliwa na sahani inapata mpya, hivyo hakuna kuosha. Sisi tulioaga mifuko hiyo, Kenya 2017 na Tanzania 2019, macho yanatutoka. Mji huu nao uliipiga marufuku 2020. Sahani hazijapata habari.

Nije na njaa kiasi gani?

Kula mchana mapema, kisha usiguse kitu. Taco ni ndogo, robo ya chapati ya kwetu au chini ya hapo, lakini zinakuwa nane au tisa kabla hujajua.

Mwinuko, baridi, mvua?

Mji uko mita 2,240 juu ya bahari. Wa Nairobi hatasikia sana. Wa Dar atapumua kwa kasi akipanda ngazi, na bia mbili zitamwambia kitu ambacho nyumbani zingesubiri ya nne. Usifanye ziara usiku uleule uliotua. Desemba na Januari usiku hushuka chini ya nyuzi 10, beba sweta. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hupenda jioni. Ziara haiahirishwi kwa mvua. Vibanda vina turubai, na suadero chini ya turubai mvua ikipiga ni jambo la kukumbuka.

Ukisikia king'ora cha kutetemesha mifupa kutoka kwenye nguzo za barabarani, ni tahadhari ya tetemeko. Mfuate mtembezaji hadi mahali pa wazi, mbali na nyaya. Taco iache.

Usalama, na mimi ni mweusi. Watanitazamaje?

Watakutazama, ndiyo. Watakuuliza kama ni Mkuba au Mhaiti. Mara nyingi ni udadisi, mara chache ni ukosefu wa adabu. Meksiko ina watu weusi wake: sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa wana asili ya Afrika, na jamii zao zinazojulikana zaidi ziko Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, lakini mjini hapa hawaonekani sana. Kichekesho ni kwamba muuza taco atakuita "güero", yaani mweupe. Anawaita wateja wote hivyo. Mimi nimekuwa mweupe miaka yote niliyokaa hapa, na bei haijapungua.

Kwa mengine, simu mfukoni, na mwisho wa usiku tumia gari la kuita kwa programu. Metro hufungwa usiku wa manane. Usiendeshe: wana vizuizi vya kupima pumzi, na anayezidi kipimo hulala mahabusu inayoitwa El Torito, saa 20 hadi 36, hata awe nani.

Siku gani nzuri?

Jumanne hadi Alhamisi. Epuka Ijumaa ya quincena, yaani ikiangukia tarehe 15 au mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na mji mzima unatoka kula.

Watoto?

Umri wa kunywa ni miaka 18, na ziara za bia haziwachukui. Kwa wenye watoto, omba ziara ya taco pekee.

Viza?

Pasipoti zetu zinahitaji viza, isipokuwa kama una viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au una ukaazi wa kudumu huko. Hapo unaingia nayo kama mtalii.

Kihispania sijui. Nitaaibika?

Mtembezaji ataagiza. Lakini jifunze "buenas noches" ukifika, na "provecho" ukiondoka. La pili ni kinyume cha desturi yetu. Kwetu anayekula ndiye humkaribisha anayepita. Huku anayepita ndiye huwatakia heri wanaokula, hata asiowajua, na wote hujibu "gracias" midomo ikiwa imejaa. Mama yangu alipokuja, kila aliyemwambia provecho alimjibu "karibu" na kumsogezea sahani. Wawili walikubali.

Bakshishi?

Mtembezaji, asilimia 10 hadi 15 kama amekufurahisha. Kibandani, sarafu kwenye kopo. Beba noti ndogo. Mwenye noti ya peso 500 hapendwi na mtu.

Nikirudi peke yangu kesho yake, nani anahesabu nilizokula?

Wewe. Muuza mishkaki wa kwetu huhesabu vijiti kwenye sahani yako, hakuna ubishi. Taco haina kijiti. Unakula, unaongeza, unaongeza tena, watu ishirini wamekuzunguka, na mwisho unamsogelea anayeshika fedha, ambaye hakukutazama hata mara moja, naye anauliza: "¿Cuántos fueron?" Zilikuwa ngapi? Unataja, analipwa. Usiku mmoja nilisema saba. Mkataji, mgongo ukiwa kwangu na kisu kikiwa kwenye trompo, akasema bila kugeuka: "Ocho, güero."

Zilikuwa nane.